Majibu kwa Wasomaji: Nyumba Iliyofungwa Msimu Mzima

Barua tatu za mwezi huu zinahusu jambo moja, yaani nyumba ambayo mwenyewe huishi ndani yake kwa miezi michache tu, kisha akaifunga na kwenda zake. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa sababu ndani yake kuna mtu aliyeumizwa.

SWALI

Dada mwandishi, salamu kutoka Lanet, Nakuru, ambako niko kwa mdogo wangu hadi mwisho wa Oktoba. Nilifanya kazi ya uuguzi Kanada kwa miaka mingi, nikaolewa huko, na sasa mimi na mume wangu tumestaafu. Baridi ya Alberta inamuumiza magoti, kwa hiyo tangu miaka mitano iliyopita sisi huhamia kila Novemba katika nyumba yetu ndogo huko Bucerías, kwenye pwani ya Pasifiki ya Meksiko, tukaondoka mwishoni mwa Aprili. Jirani yetu, mama mmoja mjane, ndiye anayebaki na ufunguo, nasi humwachia pesa kidogo za uangalizi pamoja na za umeme.

Mwaka jana tulipofungua mlango tulipokewa na harufu ya choo. Niliwasha taa nikaona ukuta wa chumba cha kulala umekuwa mweusi kwa kuvu nyuma ya kabati, godoro lina unyevu, na mfereji unatoa maji ya rangi ya chai. Nilikuwa nimechoka kwa safari. Nilimwita yule mama nikamfokea mbele ya wajukuu wake, nikamwambia kwamba amekula pesa zetu bure. Hakujibu neno. Aliweka ufunguo juu ya meza akaenda zake. Msimu mzima tulisalimiana kwa mbali, na Aprili alikubali kuupokea tena ufunguo huo kwa heshima ya mume wangu tu. Sasa siku zinakaribia na moyo ni mzito. Nifanye nini ili mwaka huu niingie katika nyumba ile nikatulia?

Mama wa Lanet, Nakuru

JIBU

Dada yangu, umeniandikia habari za mahali ninapopajua. Kabla sijarudi kuishi Kisumu niliajiriwa kumtunza mzee mmoja wa Kanada, na kwa misimu minne nilisafiri naye hadi ghuba hiyo hiyo ya Banderas, mwendo mfupi kutoka Bucerías. Nyumba ya namna yako nimeifungua mara nne kwa mikono yangu. Nitaanza kwa kukueleza kilichotokea ndani ya nyumba yako, maana ukishakielewa utaona kwamba yule mama hakuwa na kosa ulilomtwika.

Tuanze na harufu. Chini ya kila sinki, kila bafu na kila choo kuna bomba lililopindwa kama shingo ya bata, ambamo maji kidogo hubaki daima na kuizuia hewa chafu ya shimo la maji taka isipande ndani. Nyumba ikikaa miezi sita bila mtu kufungua mfereji, maji hayo hukauka kwa joto, njia ikabaki wazi, na hewa ya shimoni ikaingia kama mwenyeji. Hata nyumba iliyopigwa deki jana yake itanuka hivyo. Dawa yake ni ndoo moja ya maji: mimina katika kila tundu, pamoja na lile la sakafuni ambalo watu hulisahau, kisha fungua madirisha na usubiri. Siku ya kuondoka mwezi wa Aprili, ongeza vijiko vichache vya mafuta ya kupikia juu ya maji hayo, kwa kuwa mafuta huelea na kuyachelewesha kukauka. Nilipofanya hivyo katika msimu wa pili, tuliingia tukakuta hewa safi, na mzee wangu akaniuliza ni nani aliyetutangulia kuja kusafisha.

Kuhusu kuvu, kumbuka kwamba wewe ulilelewa Nakuru, takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, ambako nguo zilizoanikwa asubuhi huanuliwa mchana zikiwa zimekauka. Katika pwani ile mvua huanza Juni na kuendelea hadi karibu katikati ya Oktoba, yaani miezi ile ile ambayo ninyi hampo, na usiku hauleti ubaridi wa kuipunguza fukuto. Hewa yenye unyevu hujipenyeza ndani ya nyumba iliyofungwa, ikatulia mahali ambapo haisogezwi na kitu, na hapo kuvu huota. Nyuma ya kabati lililobanwa ukutani ndipo pake hasa. Hata kama yule mama angefungua madirisha kila siku mwezi wa Agosti, angekuwa anauingiza unyevu ule ule kutoka nje. Kinachosaidia ni kazi ya yule anayeondoka: kuvuta kabati na vitanda mbali na ukuta kwa upana wa mkono, kuacha milango ya kabati wazi, kusimamisha godoro kwa ubavu, na kutoacha kitu chochote cha ngozi au cha pamba ndani ya begi lililofungwa. Kazi hiyo ilikuwa yenu, nanyi hamkuifanya.

Utakapoingia mwaka huu, sugua ukuta kwa sabuni na brashi kwanza, kisha upake dawa ya klorini, hiyo tunayoiita jik, iliyochanganywa na maji mengi. Usiichanganye kamwe na siki wala na sabuni yenye amonia, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na chumba chenyewe ni kidogo. Jifunge kitu puani na mumeo akae nje. Godoro likishaingiwa na kuvu hadi ndani, litupe. Niliwahi kuling'ang'ania moja, nikalianika juani siku mbili nzima, nikalipiga kwa fimbo hadi mikono ikauma. Mchana lilinukia jua. Usiku mzee alipolilalia na mwili wake ukalipasha joto, harufu ya kuvu ilitoka upya, akakohoa hadi alfajiri nami nikiwa nimeketi kando yake na kikombe cha maji, nikijua kabisa kwamba ukaidi wangu ndio uliomletea kikohozi kile. Asubuhi tuliliburuta hadi barabarani.

Maji ya rangi ya chai yanatoka katika tangi lililo juu ya paa, ambalo wenyeji huliita tinaco. Mashapo hutulia chini yake, na pampu ikiwashwa baada ya miezi mingi huyavuruga. Rangi hiyo si jambo kubwa. Jambo kubwa ni lile usiloliona: bakteria wa legionella, waletao nimonia, hustawi katika maji yaliyosimama yenye joto la kati ya nyuzi 20 na 45, na mtu huambukizwa kwa kuvuta pumzi yenye vitone vidogo vya maji hayo, hasa chini ya bomba la kuogea. Wewe ni muuguzi, kwa hiyo unajua maana ya nimonia kwa mtu wa umri wa mumeo. Mwite fundi atoe maji yote, asugue tangi na kulitia klorini. Fungua mifereji yote hadi maji yatoke safi, na mwoge kwa ndoo hadi kazi hiyo iishe. Ya kunywa ni yale ya mtungi wa lita 20, kama wanavyofanya wenyeji wenyewe. Wakati fundi akiwa juu, mwombe aangalie kama mfuniko wa tangi umekaa sawa, kwa maana mbu wa kule wa kumwogopa ni Aedes, aletaye homa ya dengi. Huyu hazaliani katika madimbwi ya matope. Hutaga katika maji safi yaliyosimama, hata ya kisahani cha chungu cha maua, na huuma mchana. Sisi wa Kisumu tuliozoea kushusha chandarua jua likizama tunapaswa kujifunza upya.

Sasa nirudi kwa yule mama. Katika barua yako umeandika kwamba uliwasha taa. Neno hilo nimelisoma mara kadhaa. Shirika la umeme la Meksiko hutoza nyumba nyingi kila baada ya miezi miwili, na bili isipolipwa umeme hukatwa. Ninyi mliondoka Aprili mkarudi Novemba, na taa ikawaka. Basi kuna mtu aliyeziokota karatasi zile mlangoni, akazihifadhi zisilowe, akaenda kupanga foleni katika jua la Julai, akalipa kwa pesa mlizomwachia, akarudi nyumbani. Pesa mliyodhani imeliwa ilikuwa inawaka juu ya kichwa chako wakati unamfokea.

Tena, msimu wa vimbunga katika Pasifiki ya mashariki huanza tarehe 15 Mei na kumalizika 30 Novemba. Tarehe 10 Oktoba 2023 kimbunga Lidia kiliingia nchi kavu katika jimbo la Jalisco, kusini ya Puerto Vallarta, mji wa ghuba yenu ile ile ya Banderas, kikiwa cha daraja la 4. Usiku kama huo wewe uko Alberta, unatazama ramani kwenye simu. Yeye yuko pale, na ufunguo wako uko mfukoni mwake. Ukitaka kujua nyumba yenu inalindwa na nini miezi sita ya mwaka, jibu ni mama huyo aliyebaki. Kufuli halizibui mfereji wa paa wala haliokoti kigae kilichong'oka.

Kwa hiyo nakuomba, ukifika, usianze na nyumba. Waache mizigo na mumeo langoni, uende mlangoni kwake. Nenda asubuhi, wakati wajukuu wako nyumbani, kwa sababu ulimvunjia heshima mbele yao na kwa hiyo mbele yao ndipo utakapoirudisha. Watu wa kule wanafanana nasi katika hili, kwamba salamu hutangulia shauri. Anayeingia hata dukani bila kusema buenos días huonekana hakulelewa. Msalimie, muulize hali ya watoto, kisha sema mwenyewe kwa mdomo wako, bila kumtumia mumeo kama mkalimani: Perdóneme, señora, la culpa no fue suya. Maana yake ni kwamba unamwomba msamaha na kosa halikuwa lake. Yakariri maneno hayo huko Lanet hadi yatoke bila karatasi, na uyaache katika umbo hilo la heshima, kwa sababu yeye ni mama mtu mzima.

Mpelekee zawadi, na isiwe pesa. Pesa siku hiyo itaonekana kama bei ya matusi yako. Bakuli dogo la mawe ya Kisii, yale yanayochongwa Tabaka, lingefaa. Funga kwa leso, na leso nayo iwe yake. Nyongeza ya pesa za uangalizi izungumzwe juma la pili, mumeo akiwepo, na mtaje wazi kazi mnazomwomba: kumimina maji katika matundu mara moja kwa mwezi, kulipa bili, kukagua paa baada ya dhoruba. Asipewe lawama ya jambo ambalo hamkumwagiza.

Anaweza kukaa kimya tena. Ukimya wake usikuudhi. Wewe ulimpa msimu mzima wa kusalimiwa kwa mbali, naye ana haki ya kukupa siku chache.

Kuhusu siku za kwanza za nyumba yenyewe, fungueni chumba kimoja tu na jiko, mlale humo, na vyumba vingine vingoje zamu yao. Mume akitaka kuketi baharini, mwache aende, kwa sababu magoti yake ndiyo yaliyowapeleka huko, na ugomvi mwingi wa juma la kwanza hutokana na kutaka kila kitu kiwe tayari kabla ya machweo. Kung'uteni mashuka na viatu kila mara kabla ya kuvitumia. Nge wa Nayarit, jimbo ilimo Bucerías, wana sumu kali, na nyumba iliyokaa kimya huwapendeza. Akimuuma mtu, mpelekeni kituo cha afya papo hapo, ambako dawa ya kuipinga sumu hiyo inajulikana vizuri. Birika la umeme la Nakuru liache Nakuru, kwa kuwa umeme wa kule ni volti 127 dhidi ya 240 za kwetu, nalo litafanya kazi kwa takriban robo tu ya nguvu zake. Kodi ya nyumba ya manispaa shughulikieni mapema Januari. Ikiwa nyumba iko chini ya amana ya benki, yaani benki ndiyo inayoshika hati kwa niaba yenu, kama sheria ya Meksiko inavyowataka wageni wenye makazi ndani ya kilomita 50 kutoka baharini, basi ada ya benki ya mwaka nayo isisahaulike.

Umesema unataka kutulia. Mimi nilitulia kwa njia ya sokoni. Nilipokuwa na hamu ya nyumbani, niligundua kwamba kati ya mboga wanazoziita quelites kuna mchicha, terere yetu kabisa, umefungwa kwa mafungu kama ule wa soko la Kibuye. Samaki wa tilapia, ambao waliletwa Meksiko mwaka 1964, huuzwa kwa jina la mojarra na hukaangwa mzima, kichwa na mkia, na kuletwa mezani hivyo hivyo kama kando ya ziwa letu. Siku niliyopika vyote viwili katika jiko lile, nikamwita jirani aonje, ndiyo siku nilipoacha kuhesabu majuma yaliyobaki. Jaribu hivyo, na mtu wa kwanza kumwita awe yeye, iwapo atakuwa tayari kuja.

SWALI

Mwandishi mheshimiwa, nimepata kazi ya kumtunza mzee ambaye familia yake inaishi Kisumu, na Desemba watahamia pwani ya Meksiko kwa miezi mitatu. Je, kwa pasipoti ya Kenya nahitaji viza? Nibebe nguo gani? Na mama yangu, ambaye hajazoea niwe mbali, nitampigia saa ngapi?

Kijana wa Lurambi, Kakamega

JIBU

Kijana wangu, ndiyo, unahitaji viza, nayo huombwa katika ubalozi wa Meksiko ulioko Nairobi, isipokuwa kama tayari una viza halali ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au nchi za Ulaya za mkataba wa Schengen, ambayo huruhusu kuingia kwa ziara. Kwa kuwa wewe unakwenda kazini, waambie ubalozini ukweli huo tangu mwanzo. Tena uangalie njia ya ndege, kwani ikipita Marekani utatakiwa kuwa na viza ya huko hata kama hutoki uwanjani. Ukifika, afisa wa uhamiaji ndiye huandika idadi ya siku zako, na kwa mgeni wa kawaida hazizidi 180. Zisome kabla hujaondoka dirishani.

Mchana ni wa shati jepesi, lakini usiku wa Januari upepo wa bahari hudai sweta. Mama yako mpigie saa nne asubuhi ya huko, ikiwa unakwenda upande wa Puerto Vallarta. Hapo Kakamega itakuwa saa moja jioni, kwa maana tofauti ni saa tisa, na tangu mwaka 2022 eneo hilo halisogezi tena saa mbele na nyuma. Saa za kazi, siku ya mapumziko na anayelipa tiketi ya kurudi viandikwe na kutiwa sahihi kabla hujapanda ndege. Katika nyumba ya msimu mtunzaji hugeuzwa kwa urahisi kuwa fundi, mpishi na mlinzi kwa mshahara mmoja. Niliyaona hayo.

SWALI

Dada, mimi sina nyumba ng'ambo. Ninafanya kazi Mombasa na nyumba yangu iko Vihiga, nayo hufunguliwa Desemba tu au kukitokea msiba. Kila mwaka naikuta na popo darini, mchwa kwenye milango, na harufu nzito. Mke wa marehemu kaka yangu anaishi boma hilo hilo na ndiye mwenye ufunguo. Je, nimwajiri mlinzi?

Baba wa Chavakali

JIBU

Kaka yangu, kabla ya kumleta mlinzi, nieleze kama shemeji yako amewahi kuruhusiwa kuitumia nyumba hiyo, au amepewa ufunguo wa kuitazama tu. Nyingi ya nyumba hizi za Desemba zinaharibika kwa sababu aliye karibu nazo anaogopa kuzigusa. Yale niliyomwandikia Mama wa Lanet kuhusu matundu ya mabomba na kabati yanakufaa wewe pia, na popo waondolewe na fundi kwa kuziba mianya jioni wakishatoka, mradi usiwe wakati wana watoto wasioweza kuruka.

Lakini jiko lako la nje, mpe kabisa. Apike humo. Moshi wa kila siku huufukuza mchwa katika nguzo na kukausha paa, kama mama zetu walivyojua siku zote, na mtu anayepika jioni huiona nyumba kubwa kila jioni. Mpigie simu kabla ya Desemba, umwambie hivyo mwenyewe, na umuulize jiko hilo linahitaji nini kwanza.